Mshipa Hauko Mkononi

Mzee aliingia amevaa msuli na koti, mkongojo mkononi, akakaa kwenye benchi kwa kujipanga, kama mtu anayetua mzigo. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba mwanangu, tukaulizana habari za nyumbani, za bahari na za mvua. Kisha nikamuuliza kinachomsumbua. Akatazama mlangoni, akatazama dari, akasema, "Mshipa, mwanangu. Mwaka wa nne huu mshipa unanisumbua."

Nikafurahi. Mshipa naujua mimi! Nikavuta mashine ya presha, nikamkunja mkono wa koti, nikamfunga ule mkanda na kuanza kuujaza upepo. Alinitazama kwa utulivu wa mtu aliyezoea kuwavumilia vijana. Nikamwambia presha yake nzuri kabisa, 130 kwa 80. Akanyamaza kidogo, kisha akasema polepole, "Alhamdulillahi. Lakini mshipa wenyewe hauko mkononi." Akauliza kama humo ndani hamna mwanamume.

Hamkuwa na mwanamume. Zahanati yetu ilikuwa na watumishi watatu, wote wanawake, na mlinzi wa usiku ambaye saa hizo alikuwa kwake amelala. Tulizungukana na yule mzee karibu nusu saa, yeye akitafuta neno la heshima na mimi nikitafuta maana, mpaka akachoka akafunua msuli. Lilikuwa busha kubwa. Ndipo nikaelewa kwa nini alikaa benchini vile.

Kwa watu wa pwani mshipa ni ngiri, au ni busha, au ni chochote kinachoshuka huko chini kwa mwanamume. Wasioona haya husema mabusha, vitabu vya Kiswahili huandika ngiri maji, na mzee mstaarabu akiwa mbele ya binti husema mshipa. Chanzo kikubwa cha ugonjwa huo pwani ni minyoo midogo inayoenezwa na mbu. Hukaa kwenye njia za limfu, yale majimaji yanayopita mwilini kando ya damu, ikizivuruga maji yanajikusanya kwenye mfuko wa korodani. Ni minyoo hiyohiyo inayoleta matende. Yule mzee alikuwa na maelezo yake: madafu. Aliyaacha tangu uvimbe ulipoanza, miaka minne hajagusa dafu, na busha halikusikia. Nilimwandikia rufaa ya upasuaji na nikamruhusu madafu. Nadhani hilo la pili ndilo alilonishukuru zaidi.

Mimi ni mtu wa Njombe. Nilipangiwa mkoa wa Tanga mwaka 2011 nikitoka chuoni, muuguzi mkunga mwenye cheti kipya na soksi nyeupe. Via vya uzazi, vya kike na vya kiume, nilivijua kwa majina toka nje hadi ndani, ila kwa Kiingereza tupu, na hicho Kiingereza nusu yake ni Kilatini. Mwalimu wetu wa anatomia alipenda kutupa asili ya majina ili yatukae kichwani. Jina la kitabuni la uke, alisema, kwa Kilatini ni ala ya kuchomekea upanga. Jina la korodani ni shahidi. Mshipa wa fahamu unaokwenda huko chini umepewa jina linalotokana na kuona haya. Darasa zima tulicheka, na sijui tulicheka nini, maana sisi wenyewe tunasema sehemu za siri. Kiswahili angalau kina uke na uume, ke na ume, basi, bila silaha yoyote ndani yake.

Ila uke na uume ni maneno ya bango na ya mtihani. Katika miaka yote hii sidhani kama wamefika watu kumi walioingia chumbani kwangu wakayatamka. Husema huku. Husema mbele. Husema kunako, chini, kwenye utu uzima wangu, kwenye maumbile. Baada ya aibu ya mashine ya presha nilinunua kauntabuku dukani, nikaanza kuandika kila neno nililolisikia, nani kalisema na alikuwa anaonyesha wapi. Hilo la kuonyesha nililijifunza kwa hasara, nitafika huko.

Kurasa za kwanza zilijaa hedhi. Chuoni tulifundishwa kanuni ya kupata tarehe ya makisio ya kujifungua: chukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongeza siku 7, rudi nyuma miezi 3. Nyepesi. Tatizo liko kwenye swali. "Hedhi yako ya mwisho uliiona lini?" Mama anafikiri, anahesabu kwa vidole, anasema Ijumaa ile kabla ya Maulidi. Naandika. Nilichukua karibu mwaka kutambua kwamba wengi wao walikuwa wananipa siku waliyotwaharika, siku damu ilipokata wakaoga josho na kurudi kwenye swala. Kwao hiyo ndiyo siku yenye alama. Siku ya kuanza huja yenyewe bila kualikwa, nani aikumbuke? Na neno "mwisho" katika swali langu liliwasukuma hukohuko.

Aliyenifumbua macho ni mama mkwe wa mteja wangu mmoja. Alikuja kuchukua kadi ya mtoto, akaniuliza niliandika mtoto angezaliwa lini. Nikamsomea. Akacheka mpaka akashika ukuta. "Sista, siku hiyo uliyoandika ndiyo tuliyomfanyia akika!" Akika, ile sadaka ya kumchinjia mtoto mchanga, hufanywa siku ya saba ya kuzaliwa. Siku saba ndizo nilizokuwa nazipoteza kwa kila kadi. Siku hizi nauliza, "Mara ya mwisho damu ilipoanza kutoka, ilikuwa siku gani?" na hata hapo narudia, "Ilipoanza, siyo ilipokata."

Hilo lilikuwa la kucheka. Hili la pili sichekeshwi nalo.

Alikuja mama wa miaka hamsini na kitu, mwenye wajukuu. Akasema anatokwa na damu. Nikauliza kama ni nyingi. Akasema si nyingi, inakuja inakwenda, "lakini naswali." Mimi ni Mlutheri, neno hilo lilipita sikio hili likatokea lile. Nikaandika kwenye faili: hedhi isiyo na mpangilio. Nikampa vidonge vya kuongeza damu nikamwambia umri huo mambo huwa yanabadilika. Akashukuru akaenda.

Baada ya wiki sita akarudi, yuleyule, maneno yaleyale, inatoka lakini naswali. Safari hii mhudumu wetu, dada mmoja mzaliwa wa hapohapo, alikuwa pembeni anakunja vitambaa. Akaniambia bila kuinua kichwa, "Sista, anakwambia ni istihadha."

Tulifunga mlango akanifundisha, na yule mama akawa anasahihisha. Damu ya mwanamke ni tatu. Hedhi ni ya mwezi. Nifasi ni ya uzazi, baada ya kujifungua. Istihadha ni inayotoka nje ya hizo mbili, na hukumu yake ni mbali: mwenye hedhi haswali, mwenye istihadha hujisafisha, hutawadha kwa kila swala, na huswali. Msichana hujifunza hayo madrasa kabla hajavunja ungo. Kwa hiyo mama huyu aliponiambia "naswali" alikuwa amenipa taarifa kamili ya kitabibu: damu hii si ya mwezi wala si ya uzazi. Nikamuuliza hedhi yenyewe ilikoma lini. Akajibu bila kufikiri, miaka minane. Mtu aliyekoma hedhi miaka minane akitokwa na damu, hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua anachotakiwa kufanya. Nami nilikuwa nimemwandikia hedhi.

Nilipomwangalia kwa kile kifaa cha chuma cha kufungulia uke, nilikiona kwa macho yangu: nyama iliyoota kwenye mlango wa kizazi, ukiigusa inavuja damu. Rufaa ya mkoa, kutoka mkoa akapelekwa Dar es Salaam, Taasisi ya Saratani Ocean Road, akapigwa mionzi. Alirudi amekonda lakini yuko, na mpaka nahama kituo kile alikuwa akinipitishia mihogo. Wiki sita zile ni zangu, si zake. Yeye alisema.

Kuna upande wa pili wa jambo hili. Neno istihadha lilikuwa limemtatulia suala la ibada, akatulia. Kama inaniruhusu kuswali, kuna shida gani? Sasa swali limeingia kwenye orodha yangu kwa akina mama wote wa huku: "Umewahi kupata damu ambayo unaswali nayo?" Wenzangu wa bara wanaokuja kwa uhamisho hushangaa nikiwafundisha waulize hivyo. Halafu jibu linakuja, wanaacha kushangaa.

Nihamie kwenye kizazi, maana ndilo neno lililonisumbua kuliko yote. Kizazi ni mfuko wa uzazi. Kizazi pia ni uzao, ukoo unaoendelea. Na ni rika, ndiyo maana tuna muziki wa kizazi kipya. Sasa weka neno hilo kwenye huduma za afya uone. Kutolewa kizazi, sawa, ni mfuko wenyewe unaotolewa. Kusafishwa kizazi ni kile kinachofanyika mimba ikiharibika na mabaki yakabaki, ingawa muuza dawa wa sokoni naye anakuuzia chupa ya "kusafisha kizazi" na hana habari na mimba ya mtu. Lakini kufunga kizazi? Hakuna anayegusa kizazi. Kinachofungwa ni mirija, ile miwili inayopitisha yai, ambayo vitabu huiita ya Falopio kwa jina la Mtaliano Gabriele Falloppio wa karne ya 16. Mfuko unabaki kama ulivyo.

Mama mmoja wa watoto saba alikaa mbele yangu tayari kutia sahihi, akasita na kalamu. "Sista, mkishakifunga, damu ya mwezi itapitia wapi?" Alikuwa amekaa na picha ya mfuko uliofungwa kamba mdomoni, damu inajaa ndani mwezi baada ya mwezi hadi tumbo lipasuke. Na alikuwa yuko tayari kutia sahihi hivyohivyo, ndivyo alivyokuwa amechoka. Nilitoka nje nikaenda gengeni nikanunua parachichi, lile la aina yenye shingo. Sisi Njombe tunajua parachichi. Nikaligeuza kikonyo chini, nikampa alishike: hiki ndicho kizazi kisipokuwa na mimba, hakizidi ngumi yako. Huku kwenye kikonyo ndiko mlangoni. Nikachomeka mirija miwili ya soda huku na huku juu. Hii ndiyo tunayofunga. Akaitazama, akauliza, "Mirija? Nani anafyonza?" Hilo sikuwa nimelitegemea. Ila alipoelewa kwamba njia ya chini haiguswi, aliliweka parachichi kwenye mkoba wake akatia sahihi.

Kwa mwanaume ni balaa zaidi. Kufunga kizazi cha mwanaume, wakati mwanaume hana kizazi! Anachosikia ni kuhasiwa. Ukimweleza kwamba ni mirija midogo ya kupitishia mbegu, kwamba korodani zinabaki na shahawa zinatoka kama kawaida ila hazina mbegu, anatikisa kichwa kwa adabu na humwoni tena. Na kitanzi je? Vile vya miaka ya 1960 vilikuwa na umbo la kitanzi kweli, vya sasa vina umbo la herufi T, jina limeng'ang'ania. Unamwambia mwanamke mwenye mawazo yake, njoo tukuwekee kitanzi, neno lilelile la kujinyongea. Basi anachagua sindano.

Mwaka 2018, mwezi Aprili, chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi ilipoanza nchi nzima kwa wasichana wa miaka 14, tulipita mashuleni. Siku ya pili tu kina baba wawili walikuja zahanati wakali: mnafunga vizazi vya watoto wetu. Wenzangu walisema ni uvumi wa mitandaoni. Labda. Lakini mimi nilitazama barua tuliyowapa watoto wapeleke nyumbani: chanjo, wasichana, kizazi. Mzazi aliyezoea kusikia "kizazi" baada ya "kufunga" angesoma nini? Jina lenyewe lilimchokoza. Tuliporudi kwenye mkutano wa wazazi nilianza na saratani, nikaenda kwa kirusi kinachoileta, na mlango wa kizazi nikautaja mwishoni kabisa, na parachichi mkononi. Tangu 2024 ni dozi moja, mwaka huo ilitolewa kwa wa miaka 9 hadi 14, na parachichi bado nalibeba.

Mabango mengine huandika shingo ya kizazi, ambayo ni tafsiri ya kile Kilatini. Bibi mmoja aliyewahi kuwa mkunga wa jadi, macho yameshamtupa, nilimsomea bango hilo akaguna. "Shingo gani hiyo? Shingo haifunguki. Mlango ndio unaofunguka." Nami niliyeshika vidole vyangu kupima sentimita nne, sita, mpaka kumi kwa wanawake nisioweza kuwahesabu, sijapata hoja ya kumjibu. Naandika mlango.

Sasa lile la kuonyesha.

Tumbo kwa Kiswahili cha zahanati linaanzia chini ya matiti na kuishia magotini. Mama alimleta mwanawe saa moja asubuhi, kijana wa miaka kumi na tatu hivi. "Tumbo linamuuma tangu saa kumi za usiku, katapika mara mbili." Nikamlaza, nikabonyeza tumbo, laini. Nikapima malaria, hakuna. Nikamuuliza, "Hasa wapi, mwanangu?" Mkono wake ukashuka chini ya kitovu, ukaendelea kidogo, akamtazama mama yake, mkono ukarudi juu. Niliuona ule mkono. Nikaandika maumivu ya tumbo, nikampa dawa.

Kesho yake jioni alirudi akitembea kwa kupanua miguu. Korodani ya kushoto ilikuwa imevimba na kubadilika rangi. Ilikuwa imejisokota. Korodani huning'inia kwenye kamba yake yenye mishipa ya damu, kamba ikijisokota damu inakatika, na una saa sita hivi za kuinusuru, baada ya hapo matumaini yanashuka haraka. Alipofika kwangu mara ya kwanza zilikuwa zimepita tatu. Hospitali ya wilaya ni mwendo wa saa moja na nusu. Nilikuwa na muda. Walimtoa ile korodani, wakamweleza mama yake kwamba moja inatosha kuzaa, ni kweli, nami nilikwenda nyumbani kwao kumrudia maneno hayohayo kwa sababu sikujua la kumwambia.

Yeye mwenyewe, kijana, nilimuuliza baadaye kwa nini hakusema. Akainama. Akasema alikosa la kusema. Nikafikiri ni aibu, lakini alikuwa na maana yake kamili: alikosa neno. Alilokuwa nalo ni pumbu, na pumbu alilijua kama tusi, la kutukanana uwanjani. Mtoto aliyelelewa vizuri hawezi kumtamkia nesi tusi mbele ya mama yake. Korodani hakuwahi kulisikia. Tangu hapo kijana akija na tumbo namtuma mama akachukue kadi mapokezi, kisha namwambia mtoto, "Hapa ndani hakuna matusi. Ukisema pumbu, mimi nasikia korodani. Zinauma?" Wengi hutoa pumzi kwanza, kisha hujibu.

Tezi dume nisiipitie kimya, ingawa haina mengi. Wanaume wa makamo huja na kusema, "Sista, nina tezi dume," kwa sauti ya mtu aliyehukumiwa. Nawajibu, baba, usingekuwa nayo ndiyo ningeshangaa. Kila mwanaume anayo, iko chini ya kibofu, imeuzunguka mrija wa mkojo. Umri ukienda inakua na mkojo unabanwa, unatoka kwa kudondoka, usiku unaamka mara tano. Hilo si saratani, ingawa saratani nayo huweza kuiota tezi hiyohiyo, na ndiyo sababu ya kupima. Redio zetu zimetumia jina la kiungo kama jina la ugonjwa mpaka wanaume wanadhani ni kitu cha kuambukizwa. Nimemsikia mmoja akiuliza kama mkewe anaweza kuipata.

Kauntabuku ya kwanza ilijaa, niko kwenye ya tatu. Neno lenye kurasa nyingi kuliko yote ni chango. Chango la uzazi, chango la kike, chango la mtoto. Nimeliandika kama maumivu ya hedhi, kama kutoshika mimba, kama mimba kutoka, kama gesi ya kichanga, kama kiuno kinachokatika. Kila nikidhani nimelikamata linatokea pengine.

Juzi mama mmoja kijana aliketi, akaniambia ana chango. Nilikuwa nimeshaandika herufi mbili za kwanza. Nikaweka kalamu chini, nikamwomba asimame, nikamuuliza, "Likikushika, linaanzia wapi?" Akaweka kiganja chini ya kitovu, upande wa kushoto, akakisogeza taratibu hadi kiunoni, akakiacha hapo. "Na likifika hapa," akasema, "linatulia kidogo, kisha linarudi." Nikamwomba anionyeshe tena, polepole.